Kutoka Nairobi na baiskeli wikendi, mwendo wa pole

Wengi Nairobi wakisikia safari ya baiskeli wanafikiria wale majamaa wa nguo za kubana wanaoenda Naivasha na kurudi siku hiyo hiyo. Hayo ni mashindano, waachie wenyewe. Hapa naongelea ile ya kuenda kilomita thelathini tu siku nzima, unasimama unapotaka, unakunywa chai, unalala huko huko na kesho yake unarudi, na kwa safari kama hiyo sijaona pa kushinda upande wa Limuru.

Kitu cha kwanza kuelewa ni mlima. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Limuru imepita 2,200, manake kuenda ni kupanda na kurudi ni kuteremka. Jumamosi asubuhi unapanda ukiwa na nguvu, unalala Tigoni pale karibu na Limuru, jumapili unashuka nyumbani na miguu haikudai kitu. Kama uko na mtoto ama mtu hajazoea, beba baiskeli kwa matatu mpaka Limuru alafu mteremke tu na baiskeli, hakuna wa kukucheka. Ongea na konda kabla gari haijajaa, mkubaliane bei ya kuiweka kwa kerea ya juu ya gari, na uifunge na kamba yako mwenyewe, usimwachie.

Msimu nao. Machi mpaka Mei ni mvua ndefu na ule udongo mwekundu wa Kiambu, kaunti yenye Limuru, ukilowa unashika gurudumu mpaka baiskeli inakataa kuzunguka, unaibeba wewe. Januari na Februari ndo poa kabisa. Julai pia inaendeka lakini Limuru ni ukungu na baridi ya kuingia mifupa, beba jaketi na glavu na taa ya nyuma hata kama ni saa nne asubuhi.

Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, upitie Gigiri na Ruaka kabla matatu hazijachangamka, alafu Ndenderu, Redhill, mpaka Tigoni. Hapo Ruaka si pazuri, vumilia tu upite. Waiyaki Way, ile barabara kuu, iache. Na ile barabara ya kuteremka Mai Mahiu usijaribu kabisa, hata ukiambiwa kuna kakanisa kalijengwa na mateka Waitaliano 1942, kapo kweli na ni kazuri, lakini nenda na gari, manake hapo ni malori na mteremko mkali na pembeni hakuna pa kukimbilia.

Ukishaingia kwa majani chai acha lami, tafuta vijia vya murram kati ya mashamba. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa huku huku Limuru mwaka 1903. Punguza upepo kidogo kwa tairi zisirukeruke kwa mawe, weka giya ndogo mapema kabla kilima hakijaanza na sio ukiwa katikati unahema. Mashamba mengine ni ya kampuni ama ya watu binafsi, kwa hivyo ukikuta askari shuka, msalimie, omba kupita. Akikataa rudi, hapo hakuna mjadala.

Sasa vijiji, na hapa usiharakishe. Ukiona Kiambu nyumba zimebanana pamoja kwa kilima na mashamba yako mbali, mara nyingi hicho ni kijiji cha enzi za emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, wakati Waingereza walitoa watu kwa vilima vyao kutoka 1954 na kuwafungia mahali pamoja. Kamirithu pale Limuru ni kimoja. Hapo wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi wakaigiza mchezo wao wa jukwaani kwa Gikuyu 1977, serikali ikausimamisha mchezo, na 1982 ukumbi ukabomolewa. Usiende ukitarajia sanamu na tiketi. Agiza chai kwa hoteli ndogo, msalimie guka ama shosho (babu ama nyanya) aliyekaa nje, muulize tu hapa palikuwaje zamani, alafu nyamaza usikilize, na simu ya kupiga picha ikae mfukoni mpaka uombe. Huko Limuru pia kuna kanisa la All Saints, kaburi la Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, liko hapo.

Jumapili ukitaka kurudi na njia ingine, teremka mpaka Kikuyu uone kanisa la Church of the Torch pale Thogoto, lilifunguliwa 1933, mawe matupu, na shule ya Alliance iko hapo karibu tangu 1926. Subiri ibada iishe kabla hujaanza kuzunguka na helmeti. Kutoka hapo pitia Dagoretti mpaka Karen. Kwa mteremko usishike breki moja kwa moja, finya uachilie, finya uachilie, la sivyo zinachemka.

Mzigo uwe mdogo: tyubu mbili, viraka na solushen, pampu, spana, nguo moja ya kubadilisha, maji lita mbili. Mafundi wako kila senta lakini wengi spea zao ni za Black Mamba, zile baiskeli nzito za kizamani, kwa hivyo kama baiskeli yako ni ya kisasa kitu cha ajabu ajabu beba yako. Chakula usijisumbue, kuna githeri, chapati ndengu, mahindi choma na ndizi kila kona, ila beba pesa taslimu kidogo manake netiwaki ikipotea huko kwa mabonde M-Pesa haitakusaidia. Nyumba ya kulala book kabla, na uulize waziwazi kama baiskeli italala ndani, wakisema itakaa nje na soja tafuta pengine. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo saa kumi na moja uwe umefika.