Chumvi ya Mombasa na bastola ya kiunoni: ninavyoitunza Ceska yangu

Nilikuwa nimekaa miezi minne bila kupiga risasi hata moja, kwa hiyo nikaamini bastola yangu ni safi. Niliifungua na kuipaka mafuta mwezi wa tatu. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa kiunoni mwangu dukani kutwa, usiku inalala kwenye sefu. Mwezi wa saba nikaenda kufanya mazoezi ya shabaha. Risasi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikaingia nusu, slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ikasimama milimita chache kabla ya kufunga, na bastola ikakataa.

Mzee aliyenifundisha, fundi wa silaha aliyestaafu, aliniambia nitoe risasi zote niiweke mezani. Akaifungua, akapitisha tambara jeupe juu ya mtutu. Tambara likatoka na rangi ya tofali.

"Mama, hii haijachakaa kwa risasi," akaniambia. "Hii imeliwa na jasho lako."

Siku hiyo niliacha kuhesabu risasi nilizopiga, nikaanza kufuata kalenda. Wengi wetu wenye leseni huku pwani tunabeba silaha kila siku na kuipiga mara chache kwa mwaka. Maelezo mengi utakayoyakuta yanasema safisha baada ya kupiga. Hayo yanamfaa anayepiga kila wiki. Anayebeba tu, tena Mombasa, adui yake ni mwingine kabisa.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi Changamwe. Bastola yangu ni CZ 75 Compact, ya chuma mwili mzima, milimita 9, magazini (kisanduku kinachobeba risasi) za risasi 14. Wakenya tunaziita Ceska tu, kwa jina la kiwanda kinachozitengeneza Uherský Brod huko Ucheki. Bila risasi ina gramu 920 hivi, kwa hiyo unaijua iko kiunoni. Ukiwa na Glock au bastola nyingine ndogo, sehemu za kupaka mafuta hazitofautiani sana, lakini kuifungua ni tofauti, nami nitakuonyesha tofauti moja yenye hatari.

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Chembe ndogo ikitua juu ya chuma inajitengenezea kitone cha maji, na hapo kutu huanza. Jasho nalo ni maji ya chumvi. Ubavu wa bastola unaogusa mwili wako unaoga jasho saa kumi kwa siku, halafu jioni unaifungia kwenye sefu isiyopitisha hewa. Kwangu kutu ilianza nyuma ya nyundo, kwenye kifaa cha kulengea cha nyuma, chini ya magazini, na kwenye ile sehemu ya mtutu inayoonekana dirishani mwa kutolea maganda. Kagua hapo kwanza.

Kabla hujagusa brashi, hakikisha bastola haina risasi. Mimi hutoa magazini kwanza. Ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Magazini ikishatoka, navuta slaidi nyuma mara tatu, naishikilia wazi, natazama chemba kwenye mwanga, halafu natia kidole cha mwisho ndani. Jicho huchoka usiku, kidole hakidanganyiki. Risasi zote nazipeleka chumba kingine, ndipo narudi mezani. Ninakaa nikitazama pembe yenye gunia la mchanga sakafuni, na mdomo wa bastola unabaki umeelekea huko muda wote. Wajukuu wakiwa nyumbani, siifungui.

Tofauti niliyoitaja ni hii: Glock haiwezi kufunguliwa mpaka ufyatue kifyatulio kwanza. Mtu aliyesahau risasi chemba ataipiga nyumbani kwake akidhani anasafisha. Ukiwa na bastola ya namna hiyo, kagua chemba, inuka, zunguka chumba, kisha ukae na uikague tena.

Kwenye Ceska hakuna kufyatua. Nyuma, upande wa kushoto, kuna alama mbili ndogo, moja kwenye slaidi na moja kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola. Navuta slaidi nyuma kidogo mpaka alama zikutane, nashikilia hapo, halafu upande wa kulia nasukuma ncha ya pini ya kizuizi cha slaidi kwa kitako cha magazini tupu. Ikiwa ngumu, usiipige kwa bisibisi ya chuma, tumia mpini wa mbao au plastiki. Kizuizi kikitoka, slaidi inateleza mbele na kutoka. Ndani yake natoa springi na kijiti chake, kisha mtutu. Hapo nasimama. Kufungua nyundo na pini ya kupigia, ile inayogonga kitako cha risasi, ni kazi ya fundi, nami humpelekea mara moja kwa mwaka. Wakati slaidi haipo, usifyatue kifyatulio, maana nyundo itagonga fremu kwa nguvu.

Kusafisha hakuchukui muda. Mtutu wangu haufiki sentimita 10, na nausafisha kuanzia upande wa chemba kwenda mdomoni, ndiko risasi inakoelekea. Nalowesha kipande cha fulana kuukuu kwa dawa ya kusafishia, napitisha, nasubiri dakika kumi. Kisha brashi ya shaba mara nane au kumi, ikipita mpaka itokeze mbele kabla ya kuirudisha. Halafu vipande vikavu mpaka kitoke cheupe. Mwisho kimoja chenye tone la mafuta, na kimoja kikavu cha kuyafuta. Masizi ya kwenye slaidi nayatoa kwa mswaki wa zamani, hasa uso unaogusa kitako cha risasi na chini ya ukucha unaochomoa ganda. Pamba za masikioni zinafika kwenye mifuo ambamo slaidi huteleza, ila angalia zisiache nyuzi.

Masizi hayo yana risasi ya madini, ile ya sumu, kutokana na fataki iliyo kitakoni mwa risasi. Usisafishie jikoni wala kwenye meza ya kulia. Mimi hufanya varandani, juu ya magazeti ninayoyatupa baadaye, na sinywi chai mpaka nimenawa kwa sabuni.

Sasa mafuta, na hapa ndipo nilikosea miaka miwili. Nilikuwa naamini mafuta mengi ni matunzo mengi. Bastola ilivuja mpaka blauzi ikapata madoa, lakini sehemu zinazosuguana zilikuwa kavu, maana niliyamwaga juu juu bila kujua chuma kipi kinagusa kipi. Mzee alinipa njia rahisi ya kujua: tafuta mahali ambapo rangi imefutika na chuma kinang'aa. Hapo ndipo panaposuguana. Hapo pana haki ya mafuta.

Kwenye Ceska slaidi inatembea ndani ya fremu, si juu yake kama bastola nyingi, kwa hiyo mifuo ya fremu iko ndani. Natia tone moja kila upande, nalieneza kwa kidole urefu wote. Tone jingine linazunguka mtutu karibu na mdomo, unapopita kwenye tundu la slaidi. Kidogo juu ya mtutu kwenye yale meno yanayoufungia kwenye slaidi. Kidogo chini yake, kwenye tundu ambamo pini ya kizuizi hupita, na pini yenyewe naipaka kabla ya kuirudisha. Mwisho tone dogo kila upande wa mhimili wa nyundo, na jingine pale ukanda wa kifyatulio unapopanda kukutana na slaidi. Yote pamoja hayajazi kijiko cha chai.

Pa kubaki pakavu ni muhimu vilevile. Njia ya pini ya kupigia iwe kavu. Mafuta yakiingia humo yanashika masizi na vumbi, yanakuwa uji, pini inapiga kivivu na risasi hailipuki. Chemba iwe kavu. Ndani ya magazini pawe pakavu, kwa sababu mafuta yanayochuruzika kwenye risasi yanaweza kupenya yakaua fataki. Nje ya magazini napitisha kitambaa chenye mafuta kisha nafuta, kwa ajili ya kutu tu.

Watu huniuliza mafuta gani. Mafuta ya bunduki yakipatikana, nunua hayo, chupa ndogo inakaa muda mrefu. Yakikosekana, oili ya injini ya sintetiki inafanya kazi na haikauki upesi. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, yatakusaidia siku moja mbili kisha yamekwisha. Ile kopo ya kupuliza ya kulegezea boliti zilizoshika kutu, ambayo mimi mwenyewe naiuza dukani, ni nzuri kwa kazi yake, lakini sehemu kubwa yake hupeperuka, na kinachobaki hakitoshi kulinda slaidi wiki nzima. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Hewani yanageuka gundi, na kuliko gundi hiyo ndani ya bastola, afadhali ukavu.

Grisi naitumia kwenye mifuo tu, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kwa sababu joto la mwili haliiyeyushi ikachuruzika kama mafuta. Lakini nikiwa na safari ya Voi au Taveta kupeleka saruji, naifuta grisi yote na kupaka mafuta mepesi sana. Vumbi jekundu la huko likikutana na grisi linakuwa msasa. Nikirudi, naifungua usiku huohuo hata nikiwa nimechoka.

Ukishairudisha pamoja, vuta slaidi mara ishirini. Mafuta ya ziada yatajitokeza pembeni, yafute. Halafu bila risasi yoyote chumbani, kagua utendaji. Nyundo ikiwa imevutwa, weka kizuizi cha usalama, bonyeza kifyatulio: nyundo isianguke. Toa kizuizi, bonyeza: ianguke. Endelea kubonyeza, vuta slaidi nyuma na uiachie, kisha legeza kidole polepole. Utasikia mlio mdogo, na nyundo itabaki nyuma. Bonyeza tena, ianguke. Mimi hutia risasi bandia ya plastiki chemba wakati wa majaribio haya, kwa sababu kupiga tupu mara nyingi kunaweza kuvunja kijipini kinachoshikilia pini ya kupigia kwenye bastola hizi. Jaribio lolote likishindwa, bastola inakwenda kwa fundi na mimi siibebi.

Ikikwama kwenye mazoezi, inakueleza inaumwa wapi. Slaidi isipofunga mpaka mwisho, angalia ukavu kwenye mifuo, uchafu chembani, au springi iliyochoka. Ganda lisipotoka, tazama chini ya ukucha. Nyundo ikipiga na risasi isilipuke, subiri nusu dakika mdomo ukiwa umeelekea kwenye shabaha, kisha itoe na utazame alama kitakoni; ikiwa hafifu, shuku njia ya pini. Kukwama kukifuata magazini moja tu, bastola haina kosa. Magazini zangu tatu nimeziandika namba kwa rangi ya kucha, ndivyo nilivyogundua namba 2 ndiyo yenye springi dhaifu. Springi ya slaidi nayo nabadilisha kila risasi 5,000 hivi, au mapema nikiona imefupika nikiilinganisha na mpya.

Risasi za kubeba zisisahauliwe. Ukitoa risasi ileile chemba kila jioni na kuirudisha kila asubuhi, kila inapogonga njia ya kuingilia kichwa chake kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, mgandamizo unapanda inapopigwa. Mimi huilinganisha na mpya kila Ijumaa, nikizisimamisha bega kwa bega mezani. Iliyofupika siirudishi kazini. Zote za kubeba nazipiga shabahani mara moja kwa mwaka na kununua nyingine.

Ratiba yangu ya sasa ni hii. Kila jioni, kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya chuma chote cha nje, dakika moja. Kila Ijumaa, naifungua, nafuta mafuta ya zamani, napaka mapya, hata kama sijapiga. Kuanzia mwezi wa nne kusi inapoingia na mvua, nafanya hivyo mara mbili kwa wiki. Nikipiga, nasafisha siku hiyohiyo. Na siilazi kamwe kwenye mkoba wa ngozi: ngozi hunywa jasho mchana na kulirudishia chuma usiku. Mkoba unatundikwa penye upepo, bastola inaingia kwenye sefu peke yake, juu ya kitambaa kikavu, pamoja na vile vifuko vya punje za kunyonya unyevu ninavyovikusanya kwenye maboksi ya viatu. Vikijaa unyevu naweka vingine.

Mzee aliipitia tena mwezi uliopita. Alitoa mtutu, akapitisha tambara lake jeupe, akalitazama pande zote mbili, akalirudisha mfukoni.