Kumwaga zege la kibaraza mwenyewe

Wakuu, kama unataka kibaraza kidogo nje cha kukalia jioni usikurupuke kumwaga zege juu ya udongo laini, litapasuka tu. Chimba kidogo, tandaza mawe au kifusi, shindilia mpaka mguu hauzami, alafu ndo uweke mbao pembeni na upime na pima maji, kila mita 1 ishuke kama sentimita 1 au 2 kwenda mbali na ukuta ili mvua isirudi ndani. Ndoo 1 ya saruji, 2 mchanga, 4 kokoto, unene inchi 4. Maji kidogo kidogo jamani!! mafundi wengi wanapenda uji sababu unamwagika kirahisi ila zege linakua dhaifu. Kesho yake funika magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7, hapa ndo wengi tunazembea.