Maji ya bomba yakija usiku tu: tunavyofanya sisi wa mlimani Mwanza

Kama umehamia Mabatini, Igogo au mlima wowote hapa mjini, kwanza elewa kwanini bomba lako ni kavu mchana wakati ziwa unaliona ukiwa mlangoni. Maji yanasukumwa yapande, sasa mchana wa bondeni wote wamefungua koki presha inaishia kwao, wakilala ndo yanafika kwako. Ukilala acha koki wazi na ndoo ya bati chini yake, siyo ya plastiki, ya bati inapiga kelele unaamka hata saa nane. Yale ya kwanza yenye kutu weka ya chooni.

Madumu yagawe. La kunywa lifunge kitambaa chekundu, asitumbukize mtu kikombe, mimina tu. Na lioshwe kila wiki jamani, mwanangu aliharisha siku nne na maji nilikuwa nachemsha vizuri kabisa, nilipoingiza kidole ndani ya dumu nikakuta utelezi wa kijani umeshika ukutani. Tia kokoto kiganja kimoja, sabuni ya unga, maji kidogo, tikisa mpaka mikono ichoke, suuza.

Yakikata siku tatu watu tunashuka ziwani, hapo ndo pa kuwa makini. Kichocho kinapita kwenye ngozi, kwa hiyo anayeumia ni mtoto aliyesimama kwenye matete anachota. Chotea juu ya jiwe au vaa mabuti. Chuja kwa khanga iliyokunjwa mara nne, funika, yalale siku mbili ndo uogee. Ya kunywa yatokote kabisa, mkaa ukiisha tumia kidonge cha klorini, vile vya kawaida kimoja kwa lita 20, subiri nusu saa, ila yawe yametulia na kuchujwa maana kwenye tope dawa inaishia kwenye tope.

Mvua nazo usiziache. Bati la mita 3 kwa 4, mvua ya milimita 10 tu ni lita 120, dumu sita hizo bila kupanda mlima! Kunja kipande cha bati kiwe mfereji, dakika kumi za kwanza zioshe mavi ya ndege, halafu kinga, na jaba lifunikwe mbu wasizaliane.

Na kama jirani yako ni bibi anayeishi peke yake, ile saa nane ndoo ikianza kulia kamgongee mlango na yeye akinge.