SOMO: Kumwaga oili ya injini na haidroliki ya giaboksi kwenye gari la mtumba

Wakuu, kila wiki naulizwa yale yale. Oili namwaga vipi? Haidroliki ya giaboksi inabadilishwa au inaachwa? Mbona nimemwaga na sasa gia zinateleza? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamleta hapa hapa.

Gari la mtumba limekuja kwako na siri za mtu mwingine. Hujui aliyekutangulia alimimina nini, alikaza nati kwa nguvu gani, wala filta iliyomo ina umri gani. Tambua kwanza kila nati ni ya nini, ndipo ushike spana.

OILI YA INJINI

1. Soma kitabu cha gari ujue uzito wa oili (ule unaoandikwa kama 0W-20, si kilo) na ujazo wake. Injini nyingi ndogo za silinda nne zinachukua kati ya lita 3.5 na 4.5 pamoja na filta.

2. Pasha injini dakika tano, izime, subiri dakika kumi. Oili ya vuguvugu inashuka na uchafu wake, ya moto sana inaunguza mkono.

3. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono juu, vigingi kwenye magurudumu. Inua kwa jeki, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu.

4. Tafuta nati ya kumwagia oili. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Nilikuwa na gari la otomatiki nililolinunua miezi miwili kabla. Nikalala chini yake, nikaona nati moja safi katikati, nikaifungua. Kilichotoka kilikuwa cheusi chenye wekundu wa mbali kwenye ukingo wa beseni, na kilikuwa chepesi kuliko oili niliyoizoea. Nikajiambia imechoka tu. Nikabadilisha filta, nikafunga, nikamimina lita nne mpya. Kuweka D, gari likakaa kama sekunde mbili ndipo likasogea kwa kusitasita, injini inalia na magurudumu hayana nguvu. Hapo ndipo ningezima. Badala yake nilitembea nalo kama kilomita mbili, nikidhani litakaa sawa. Kumbe nimemwaga haidroliki ya giaboksi, na kwenye injini nimemimina oili mpya juu ya ile ya zamani, karibu maradufu ya ujazo wake. Oili ikizidi kiasi hicho krenki (shafti kuu ya injini) inaipiga inapozunguka, inageuka povu, na povu halilainishi kitu. Injini ilipona. Klachi za ndani ya giaboksi ziliungua, na giaboksi ile haikurudi tena katika hali yake.

Basi zingatia haya:

Kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele injini imelala kwa upana. Upande wenye mikanda ni injini, upande wa pili ni giaboksi. Shafti za magurudumu zinatokea kwenye giaboksi. Ukiona nati iko jirani na mahali shafti inapoingia, iache kwanza.

Nati za giaboksi mara nyingi zina tundu la pembe sita au la mraba katikati, na ya injini mara nyingi ina kichwa cha kawaida cha spana. Hiyo ni dalili tu, usiitegemee peke yake.

Na hili ndilo lingeniokoa: oili ikishaisha kutoka, kabla hujamimina hata tone jipya, chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia) ya injini, ifute, irudishe, ichomoe tena. Lazima iwe kavu. Ikionyesha oili ipo kama mwanzo, umefungua nati isiyo yake. Simama hapo hapo, usiwashe gari.

5. Fungua filta ya zamani, kisha ipindue uitazame. Sili yake ya mpira imetoka nayo? Wakati mwingine inabaki imeng'ang'ania kwenye bloku. Ukifunga filta mpya juu yake zinakuwa sili mbili, na oili inaweza kumwagika yote ukiwa barabarani. Pitisha kidole pale ilipokaa filta, pawe pasafi. Paka sili mpya oili kidogo, kaza kwa mkono tu: ikishagusa, ongeza kama robo tatu ya mzunguko.

6. Rudisha nati pamoja na washa mpya (ile ringi inayokaa chini ya nati). Ianze kuingia kwa vidole. Sampu (karai la oili lililo chini) nyingi ni za aluminiamu, ukilazimisha kwa spana uzi unalika na hapo gharama imeanza.

7. Mimina lita moja pungufu ya kilichoandikwa kitabuni, pima, ongeza kidogo kidogo. Washa injini, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, chungulia kama kunavuja. Zima, subiri dakika tano, pima tena. Iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiivuke.

HAIDROLIKI YA GIABOKSI

Fungua nati ya KUJAZIA kabla ya nati ya KUMWAGIA. Kwenye magari haya ya mtumba nati ya kujazia inaweza kuwa imekaa miaka kumi bila kuguswa, imeshika kutu, au fundi aliyetangulia amekwisha kuiharibu kichwa. Ukimwaga kwanza halafu hiyo ya juu ikagoma, una gari lisilo na haidroliki na huna pa kuitia. Kama gari lako linajaziwa kwenye tundu la dipstiki, hatua hii haikuhusu.

Hakikisha unayo haidroliki inayotakiwa. ATF, yaani haidroliki ya otomatiki ya kawaida, na ile ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ni vitu viwili tofauti kabisa. CVT inaendeshwa na mkanda wa chuma au mnyororo uliobanwa kati ya puli mbili, na haidroliki yake imetengenezwa ili mkanda ushike usiteleze. Usinunue kwa kuangalia rangi. Soma kilichoandikwa kitabuni au kwenye dipstiki yenyewe.

Mwaga kwenye chombo chenye alama za ujazo, na utakachomimina kiwe sawa na kilichotoka. Usishangae kikitoka kidogo. Giaboksi yenye lita saba au nane inaweza kutoa tatu au nne tu, kwa sababu nyingine inabaki kwenye toki konveta (kiungo cha haidroliki kati ya injini na giaboksi) na kwenye njia za ndani. Mimi narudia zoezi hili baada ya kilomita elfu moja au mbili, na mara ya tatu kama bado ni chafu. Zile mashine za kusukuma haidroliki yote itoke kwa mkupuo mmoja sizitumii kwenye gari nisilojua historia yake.

Ukishusha sampu, tazama sumaku iliyo ndani. Ujiuji wa kijivu, laini kama masizi yaliyolowa, ni uchakavu wa kawaida, futa, rudisha. Chenga za chuma unazoweza kuzihesabu kwa kidole ni habari nyingine, mwite fundi wa giaboksi. Kama kuna filta humo, badilisha pamoja na gasketi.

Kupima: zenye dipstiki, nyingi hupimwa zikiwa na moto, injini inanguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndiyo maana nasema soma kitabu. Zisizo na dipstiki zina nati ya kipimo: injini inawashwa, haidroliki inafikishwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, nati inafunguliwa, kinachozidi kinachuruzika, na kikiwa matone tu unafunga. Gari liwe limenyooka pande zote, siyo limeinuliwa mbele tu.

Oili chafu irudishe kwenye madumu uipeleke inakopokelewa. Usiimwage ardhini wala mtaroni.

MASWALI YA WADAU

gurudumu_la_tano: Mkuu naweka oili gani?

Jibu: Gari gani, injini gani, mwaka gani? Hatua ya 1.

gurudumu_la_tano: Si zote ni oili tu mkuu, jamaa kanishauri niweke nzito ili injini isipige kelele.

Jibu: Hapana. Injini iliyotengenezewa 0W-20 ina njia nyembamba za oili, na oili nzito inachelewa kufika juu unapowasha asubuhi. Kelele ina chanzo chake, kitafute. Jina la gari bado hujalitaja.

mama_wawili: Habari kaka. Nimefuata somo lako, oili ya injini nimemaliza kubadilisha vizuri. Siku ya pili nimechomoa dipstiki, oili imeshaanza kuwa nyeusi. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Hongera dada, na umefanya vizuri kupima tena. Weusi huo mara nyingi ni dalili kwamba oili inafanya kazi: ina dawa za kusafisha zinazong'oa masizi ya zamani na kuyabeba mpaka utakapomwaga tena. Gari ambalo halikuhudumiwa linaichafua haraka zaidi, na dizeli inaigeuza nyeusi karibu papo hapo. Rangi ya kuogopa ni ya maziwa, kama chai ya maziwa chini ya kifuniko cha kumiminia. Hiyo ni maji yaliyochanganyika na oili. Safari fupi fupi za baridi zinaweza kuleta kidogo tu pale kifunikoni, lakini ikiwa hata dipstiki ina rangi hiyo, usiendeshe, gasketi ya silinda hedi ikaguliwe. Ukiimwaga mapema mzunguko huu wa kwanza, tuseme baada ya kilomita 3,000, mzunguko unaofuata utakuwa msafi zaidi.

spana_mkononi: Fundi wangu anasema gari likishatembea sana usiguse haidroliki ya giaboksi, ukibadilisha tu inakufa. Wewe unawadanganya watu.

Jibu: Simdanganyi mtu, na fundi wako hajalitoa hewani. Haidroliki ikichakaa sana inabeba unga wa klachi, na klachi zilizokwisha zinaweza kuwa zinashika kwa msaada wa unga huo. Ukiweka mpya safi, utelezi uliokuwa umejificha unaonekana. Lakini giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha kabla hujafungua nati. Ninavyofanya mimi: kama gia zinaingia vizuri na haidroliki haina harufu ya kuungua, nabadilisha kwa kumwaga kidogo kidogo kama nilivyoeleza. Kama tayari inateleza au ina harufu ya kuungua, namwambia mwenye gari ukweli: kubadilisha hakuponyi klachi. Mimi nimeshaua giaboksi moja kwa mkono wangu na nimeeleza hapo juu jinsi nilivyoiua, sina sababu ya kumtakia mwenzangu hivyo.

haraka_haraka: Nimemwaga ya giaboksi, nati ya kujazia imegoma kufunguka. Nifanyeje? Nahitaji gari saa hii.

Jibu: Nimeandika kwa herufi kubwa. Gari usiliwashe wala usilisogeze. Puliza dawa ya kutu, iache masaa kadhaa, tumia soketi inayobana kichwa kizima, siyo spana ya kurekebisha. Ikigoma, fundi aje ulipo.

haraka_haraka: Imefunguka mkuu. Asante sana, samahani.

Jibu: Afadhali. Sasa pima kilichotoka kabla hujakimwaga.

mwalimu_wa_gia: Mimi gari langu ni la gia za mkono. Muuza duka kanipa 75W-90 imeandikwa GL-5, kitabu kinasema GL-4. Anasema namba kubwa ndiyo bora. Kuna tofauti gani hasa?

Jibu: Swali zuri sana hili. Namba hiyo haipandi kama daraja la ubora, inaeleza kazi. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu yanayosuguana kwa shinikizo kubwa. Ndani ya giaboksi ya mkono kuna ringi zinazosawazisha mwendo wa gia unapobadilisha, na nyingi zake ni za shaba nyeupe (brasi). Baadhi ya dawa hizo zinaila shaba, na utelezi wake unazifanya ringi zichelewe kushika, gia zinakwaruza. Kuna oili zilizothibitishwa kwa zote mbili na zinaandikwa hivyo kwenye dumu. Yako imeandikwa GL-5 tu, irudishe. Kujaza ni rahisi kuliko otomatiki: gari limenyooka, mimina kwenye tundu la pembeni mpaka ianze kurudi nje, funga.

kifua_wazi: Nyongeza ndogo wadau. Mimi huandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye filta yenyewe. Karatasi hupotea, filta ipo pale pale. Pia kabla sijafungua kitu napiga picha chini ya gari na kuzichora nati: I ya injini, G ya giaboksi.

Jibu: Hiyo ya kuchora herufi ningeifanya siku ile, ningekuwa na giaboksi yangu. Kuanzia leo nafanya. Wengine igeni.

mama_wawili: Kaka, basi na mimi wiki ijayo naingia kwenye giaboksi, yangu ina dipstiki. Kwa nini ipimwe ikiwa na moto wakati ya injini tunasubiri itulie?

Jibu: Kwa sababu haidroliki inatanuka ikipata joto, na dipstiki imechorwa kwa ujazo wa ile ya moto. Ukijaza mpaka alama ya moto wakati iko baridi, ikipata joto inazidi, inapiga povu, inatafuta pa kutokea. Halafu injini ikiwa inanguruma, pampu inakuwa imejaza toki konveta. Ukizima, sehemu ya haidroliki inarudi chini na kipimo kinakudanganya kwamba ipo ya kutosha. Dipstiki nyingi zina alama mbili, ya baridi na ya moto. Ya baridi ni ya kuanzia tu. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kama sampu yako inafunguka, ukiishusha piga picha ya sumaku kabla hujaifuta, uilete hapa tuitazame pamoja.