Somo: funza wa BSF kwenye chakula cha sato, usiwape kichwa kichwa

Wakuu habari za jioni. Dagaa wa kulishia samaki bei imepaa na bado tunagombania na binadamu wenzetu, ndo maana kila mtu saivi anafuga funza wa nzi askari weusi, yani BSF. Sawa, ila wengi wanaishia kusikia "protini 40%" basi wanamwaga tu bwawani.

Hatua ya 1. Walishe vizuri. Funza ni kile alichokula, ukimpa maganda ya ndizi peke yake atakua taratibu na mafuta yake hayana omega 3 ya kutosha, mi nachanganya machicha ya pombe, mabaki ya mboga na utumbo wa samaki kidogo, huo utumbo ndo unarudisha omega 3 inayopatikana kwa dagaa.

Hatua ya 2. Vuna wakiwa bado weupe, kwenye wiki mbili hivi toka waanguliwe, joto likiwa zuri. Wakishakuwa weusi gamba limekomaa, kaitini (ile kitu ngumu inayojenga gamba) imezidi na samaki anahangaika kumeng'enya. Hapa ndo nilipoharibu mwaka wa kwanza, nilisubiri wawe wakubwa eti nipate kilo nyingi, sato wakadumaa.

Hatua ya 3. Chemsha dakika chache, anika wakauke kau, saga. Wana mafuta mengi, kama 30% ya uzito mkavu, ukiwaweka stoo muda mrefu yanachacha, kwa hiyo saga kidogo kidogo.

Hatua ya 4. Kwa kilo 10: funza mkavu 3, dagaa 2, mashudu ya alizeti 2, pumba za mahindi 3. Inakuja kama 30% protini, sato anayekua inamtosha. Dagaa usiwatoe wote, funza ana upungufu wa methionini, moja ya viungo vinavyojenga protini.

MASWALI

Mkuu, wabichi siwezi kuwapa?
Unaweza, ila zaidi ya nusu ya uzito ni maji, kwa hiyo kilo ya wabichi usiihesabu kama kilo ya wakavu.

Na vifaranga vya sato?
Hao wanataka protini zaidi ya hiyo, ongeza dagaa na usage laini kabisa.

Kambale je?
Kambale mla nyama huyo, anawafurahia kuliko sato, mchanganyiko wake upandishe protini kidogo.

Hao nzi si wataleta kipindupindu nyumbani?
Hapana kaka, nzi mkubwa wa BSF hahangaiki na chakula chako, anatafuta mwenza na pa kutagia basi. Ila kinyesi cha watu usiwalishie, tafadhali.