Kumjaribishia beberu majani ya mlonge, hatua kwa hatua

Juzi nilikuwa namsaidia mfugaji mwenzangu kupanga chakula cha beberu wake, akitaka kujua kama mlonge unasaidia uzazi wa dume au unauharibu, maswali yake ndo yaleyale yaliyonisumbua mimi, nikaona niyaandike.

1. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha, kisha saga. Yakinuka uvundo, tupa.

2. Pima kwa mzani. Konzi sizitaki kabisa, yangu na ya kijana wa zizini hazijawahi kulingana. Anza kidogo kwenye pumba, ongeza polepole.

3. Mmea mmoja tu kwa wakati. Ukichanganya na uwatu na tangawizi, likitokea jambo hutajua limeletwa na nini. Na usiseme "si majani tu": lusina, ule mti wa malisho, ina sumu iitwayo mimosini, ikizidi inanyonyoa manyoya na kuvuruga uzazi, mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli inayoweza kuharibu mbegu za dume, na kule Australia Magharibi miaka ya 1940 kondoo walikosa kushika mimba kwa kula klova, aina ya majani ya malisho, yenye vitu vinavyofanya kazi kama homoni ya kike.

4. Subiri siku 60 tangu aanze kula mlonge kabla ya kumwachia majike. Tafadhali hapa usiruke. Mimi nilimlisha wiki mbili nikamwachia majike nane, siku 21 zikapita, sita wakarudi kwenye joto, yaani hawakushika mimba, mikia inapepea, wanalia usiku kucha, nikaulaumu mlonge nikamwaga gunia zima. Kumbe mwezi mmoja nyuma beberu alikuwa na jipu la kwato na homa kali. Mbegu anayotoa leo ilianza kutengenezwa karibu miezi miwili iliyopita, wiki kama 7 ndani ya korodani halafu siku kadhaa za kukomaa kwenye mirija, kwa hiyo homa ya juzi inaonekana leo na mlonge wa leo utauona baadaye. Akiugua katikati, anza kuhesabu upya. Na kama alikuwa amekonda, hali ya mwili chini ya 3 kwenye kipimo cha 1 (mifupa mitupu) hadi 5 (mnene kupita kiasi), mnenepeshe kwanza, maana mlonge una protini nyingi na dume mwenye njaa atapata nguvu kwa protini yoyote, utadhani ni dawa. Ukiweza weka beberu wa pili, chakula kilekile bila mlonge. Pima korodani kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili, zishike, ziwe ngumu kiasi na zilingane, zikilegea simamisha umwite daktari wa mifugo.

5. Andika tarehe ya kila jike kupandwa, mchunguze siku ya 18 hadi 24. Asiyerudi kwenye joto, hesabu siku 150 za mimba.