Kabla ya Kwenda Kukaa kwa Rafiki Ujerumani: Mambo ya Kuzingatia

Rafiki akishakwambia "njoo tu, kwangu pana nafasi", wengi wetu tunakimbilia viza na tiketi, basi. Kumbe kinachowatoa wageni jasho ni wiki ya kwanza: uko ndani ya fleti ya mtu anayetoka kwenda kazini alfajiri, amekuachia funguo, na kila kitu mle ndani kina utaratibu wake. Ndiyo maana maandalizi ninayoyapendekeza ni zaidi maswali ya kumuuliza mwenyeji kabla hujafunga begi.

Viza tuipitie haraka. Ya matembezi inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Panapochelewesha watu ni kwenye hati ya udhamini, ile wanayoiita Verpflichtungserklärung. Kama huna akiba ya kutosha kuonyesha ubalozini, rafiki yako ndiye anayekwenda ofisi ya wageni ya mji wake na stakabadhi za mshahara, analipa yuro 29, halafu anakutumia hati yenyewe, si picha ya WhatsApp. Akishatia saini, gharama zako ziko shingoni mwake, pamoja na za matibabu na za kukurudisha nyumbani ukikwama. Miadi ya ofisi hizo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwombe mapema, tena kwa adabu, kwa sababu anachokufanyia si kidogo.

Hapohapo zungumzieni pesa. Kwetu ni aibu kumuuliza mgeni atachangia nini, na rafiki yako bado ana aibu hiyo hata kama amekaa huko miaka. Basi anza wewe: chakula nani ananunua, nauli je? Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ni yuro 63 tangu Januari 2026, na unapanda nayo mabasi, treni za mjini na za mikoani, ila si zile za mwendo kasi. Inauzwa kwa mkataba unaojiendeleza. Usipoufuta kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Ukinunua tiketi ya safari moja, uliza kama inagongwa muhuri kwenye kile kimashine cha kituoni. Huoni geti wala kondakta, unadhani ni bure, kisha mtu aliyevaa jaketi lake la kawaida anasimama na kutoa kitambulisho. Faini ni yuro 60, na "mimi mgeni" haimgusi.

Mwenyeji atakuagiza vitu, na hapa uwe mkali. Nyama, hata iliyokaushwa, pamoja na maziwa na samli, haviruhusiwi kuingia kwenye begi la abiria. Dagaa na samaki wakavu wanapita, mradi wasizidi kilo 20. Maembe yanadai cheti cha afya ya mimea. Nazi, nanasi na ndizi hazidai. Viungo vya pilau beba bila wasiwasi.

Sasa swali ambalo watu hawalifikirii: jina la ukoo la rafiki yako linaandikwaje? Majengo mengi ya huko hayana namba za fleti. Mlangoni pana safu ya vitufe vya kengele, kila kimoja na jina la ukoo, na wewe miaka yote unamfahamu kama Mama Salma. Simu ikizima chaji utasimama barazani na mabegi. Mwambie akupigie picha ya ile kengele yenyewe. Na ukishaingia, funguo zikae mfukoni hata ukienda kutupa taka tu: mlango wa fleti ukijifunga, kwa nje hauna mkono wa kuzungusha, na fundi wa kufungua milango anatoza kweli, hasa usiku.

Ndani ya nyumba, muulize kuhusu madirisha. Wakati wa baridi yanafunguliwa wazi dakika tano hadi kumi, hita zikiwa zimezimwa, kisha yanafungwa. Ukiliacha nusu wazi kutwa nzima, bili ya joto itamfikia yeye baada ya wewe kuondoka. Usipofungua kabisa, ukuta unaota kuvu. Vyumbani kuna ving'ora vya moshi, kwa hiyo udi na ubani omba ruhusa kwanza. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, na Jumapili siku nzima haitobolewi kuta wala haitupwi chupa kwenye mapipa ya vioo.

Taka zina mapipa yake: karatasi mbali, vifungashio vya plastiki mbali, mabaki ya chakula mbali, na rangi za mapipa hubadilika kidogo mji hadi mji. Chupa ya plastiki ya soda usiitupe wala usiikunje. Ulipoinunua ulilipia senti 25 za amana, Pfand, na mashine ya dukani inasoma alama kwenye lebo, iliyokunjika inaitema. Unazitia moja moja, unabonyeza kitufe, unapewa risiti ya kupeleka kwa keshia. Mgeni anayeibeba kazi hii bila kuambiwa hupendwa haraka kuliko aliyeleta zawadi.

Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa machache ya kwenye stesheni kubwa, viwanja vya ndege na vituo vya mafuta. Soketi zao ni za pini mbili za mviringo na chaja yetu ni ya pini tatu, kwa hiyo adapta nunua Kariakoo au Luthuli. Ukitua Jumamosi usiku bila nayo, unaweza kungoja hadi Jumatatu.